Matumbawe mapya: maji ni kazi ya saa moja, mwanga ni kazi ya wiki
(Mhadhara uliotolewa Tanga mbele ya wafugaji wa samaki wa maji chumvi)

Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu, asanteni kwa kufika.

Tumbawe ni mnyama. Litazame kwa kioo cha kukuzia utaona vinywa vidogo vidogo, kila kimoja kimezungukwa na vidole laini. Ndani ya nyama hiyo unaishi mwani usioonekana kwa macho, na mwani huo ndio unaotumia mwanga kutengeneza sehemu kubwa ya chakula cha tumbawe. Kwa hiyo ukilipa dukani umenunua viumbe wawili. Mnyama anahangaika na maji, mwani unahangaika na mwanga. Watu wengi ninaowatembelea hushughulikia maji nusu siku nzima, kisha wanalipandisha tumbawe juu kabisa, chini ya taa inayowaka kwa nguvu zote, ili wageni walione.

Tuanze na maji. Uchumvi uwe kama gramu 35 kwa kilo, joto nyuzi 25 au 26. Mnaochota baharini, chukueni wakati maji yamejaa, mbali na mto. Wakati wa masika mito ya Zigi na Mkulumuzi hushusha maji mengi yasiyo na chumvi kwenye ghuba yetu, basi pimeni kila mara.

Mfuko uliobebea tumbawe uelee tangini dakika 15 hadi 20 kabla hujaufungua. Ukishaufungua, pima chumvi yake. Ikikaribiana na yako, endelea na kazi. Ikitofautiana, tumia mrija wa dripu wa duka la dawa, ule wenye kigurudumu cha kubana, udondoshe maji ya tangi polepole mpaka yale ya mfuko yaongezeke mara mbili. Ila usikae saa tatu. Safarini tumbawe limepumua, hewa ukaa imejaa na kuyatia maji tindikali, na uchafu wake umebaki katika hali isiyodhuru sana. Mfuko ukifunguka, hewa ukaa hutoka, tindikali hupungua, na uchafu uleule hugeuka amonia kali. Mtu anadhani anakuwa mpole kwa tumbawe, kumbe analiacha ndani ya sumu.

Kisha liogeshe kwa dawa ya matumbawe. Minyoo bapa na konokono wasio na gamba wataanguka, lakini mayai yao hayafi kwa dawa. Ndiyo maana nasisitiza: kata kitako lilichobandikwa dukani, ulibandike kwenye kipya. Na vaeni glavu na miwani. Jamii ya zoanthidi, jamaa wa matumbawe wasio na mfupa mgumu, inaweza kuwa na palitoksini, sumu inayoweza kuua. Kuna watu wamelazwa hospitali kwa kuchemsha mawe yenye viumbe hao na kuvuta mvuke wake. Usichemshe jiwe la tangi, hata siku moja.

Sasa mwanga, na hapa nawaomba mtulie. Mwani uliozoea kivuli umejijaza rangi ya kunasia mwanga kidogo unaoupata. Ukiuwashia taa kali ghafla, unapokea nguvu usizoweza kuzitumia, na badala ya chakula unazalisha oksijeni ya aina inayounguza chembe hai. Tumbawe, kwa kujiokoa, linautema mwani huo. Nyama inabaki kama kioo, mfupa mweupe unaonekana ndani. Huko ndiko kupauka. Joto nalo huleta madhara hayohayo, na waliozamia mwaka 1998 waliyaona kwenye miamba ya pwani nzima ya Afrika Mashariki. Kwa hiyo Februari na Machi, vyumba vyetu vinapochemka, msinunue tumbawe kama hamna feni ya kupuliza juu ya maji. Kinachokauka ni maji, chumvi inabaki, basi jazieni maji yasiyo na chumvi.

Liwekeni chini kabisa, pembeni, penye mkondo wa wastani usiolipiga moja kwa moja. Taa ishuke hadi nusu, ipande kidogo kila wiki kwa wiki tatu au nne. Taa isiyopunguzwa ina dawa yake: kata vipande vya wavu wa dirishani wa plastiki, vitano au sita, vipange juu ya tangi, na kila baada ya siku chache toa kimoja. Ni kazi ya bei ndogo mno, na imeokoa matumbawe mengi.

Siku mbili za mwanzo likijifunga na kutoa ute, liacheni. Likigeuka kahawia, linataka mwanga zaidi, likififia, limezidiwa. Nyama ikibanduka kuanzia chini, chunguzeni maji kwanza, hasa alkali, yaani uwezo wa maji kuzuia tindikali. Lisihamishwe huku na huku kila siku.

Na jambo linaloniuma. Msing'oe matumbawe ya kisiwa cha Maziwe wala ya mwamba wowote wetu. Nunueni yaliyokuzwa kwa vipande. Matumbawe yote yenye mfupa mgumu yamo kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, hivyo yakivuka mpaka yawe na karatasi zake. Maji ya mfuko yasiingie tangini, wala yasimwagwe baharini, maana yanaweza kubeba wadudu na magonjwa kutoka mbali. Yamwageni chooni.

Karibuni maswali.