Ukuta Ukiuliza, Nani Atajibu?

(Mhadhara uliotolewa Mtwara mjini mbele ya wasanii, walimu na viongozi wa mitaa)

Waheshimiwa viongozi, walimu wangu, wasanii wenzangu, assalaam alaykum, Bwana Yesu asifiwe. Leo nazungumzia sanaa inayowauliza watu swali hadharani, na nani anapaswa kulijibu wanachosema.

Mwaka 2011, katika mji wa New Orleans nchini Marekani, msanii Candy Chang aliupaka rangi ya ubao ukuta wa nyumba iliyotelekezwa, akachapa juu yake mara nyingi sentensi isiyokamilika, "Kabla sijafa nataka…", kisha akaacha chaki. Kesho yake ukuta ulikuwa umejaa, na baadaye kuta za namna hiyo zilienea katika nchi zaidi ya 70. Mimi nautaja ukuta huo ili niuweke kando, kwa sababu haja ya moyo inayoandikwa pale, iwe ni kwenda Makka au kumwona mjukuu, haimdai yeyote jibu.

Kazi ya Chang ya mwaka 2010 ndiyo inayotuhusu zaidi. Vilikuwa vibandiko vyenye maneno "Natamani hapa pangekuwa…", vilivyokusudiwa kubandikwa kwenye majengo matupu ya mji ambao ulikuwa bado unajiinua baada ya kimbunga Katrina cha mwaka 2005. Swali la namna hiyo linagusa ardhi, kodi na mipango ya mji, lakini kibandiko kikishasema kinanyamaza, na aliyeomba duka la chakula hana namna ya kujua kama mwenye jengo amewahi kupita pale akasoma.

Mfano ninaouheshimu kuliko yote uko Harburg, katika jiji la Hamburg, Ujerumani. Mwaka 1986 Jochen Gerz na Esther Shalev-Gerz walisimamisha nguzo ya mita 12 iliyofunikwa kwa madini ya risasi, wakaweka kalamu za chuma, wakawaalika wakazi watie majina yao kama ahadi ya kuupinga ufashisti. Kila sehemu iliyofikika ilipojaa, nguzo iliteremshwa ardhini, hadi mwaka 1993 ilipozama yote. Wapo waliotia sahihi kwa heshima, na wapo waliokwaruza alama za Wanazi wenyewe. Wasanii walizikubali hizo pia kuwa sehemu ya kazi, kwa kuwa mji ulikuwa umejisema ulivyo. Kiongozi anayetaka ukuta wa maoni huku akiweka mgambo wa kufuta yasiyompendeza anatafuta pambo la ofisi, na mapambo yana mafundi wake.

Sisi hatuanzi mikono mitupu. Katika mapiko, ngoma ya vinyago ya Wamakonde, mtazamaji hakai akatulia: hukimbizwa, hurudi, hucheka, huitikia, na bila yeye mvaa kinyago angekuwa mtu anayetoka jasho peke yake. Aidha, tuna mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 ni wa kila mkazi aliyefikisha miaka 18. Kinachokosekana ni kiungo kati ya uwanja wa ngoma na mkutano huo.

Napendekeza kiungo hicho kianzie gulioni, tuseme Newala au Tandahimba. Chaki haifai masika, tena inawaacha nje wasioandika. Mchongaji atengeneze masanduku ya mbao, kila moja likiwa na kinyago cha jambo lake, kama kisima, zahanati au barabara, na mkazi atumbukize kokoto anapopaona panafaa. (Mmoja wenu ameshauri tutumie korosho; lakini msimu ukiwa umefika, sanduku litaibwa kabla ya jioni.) Kokoto zihesabiwe hadharani, matokeo yasomwe kwenye mkutano mkuu, na jibu la halmashauri, hata likiwa la kukataa, libandikwe palepale gulioni pamoja na tarehe na sababu zake.

Mambo mawili yasipuuzwe. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1, na vipaumbele hupangwa miezi mingi kabla. Kwa hiyo sanduku litakalowekwa Mei litakuta bajeti imekwisha kuandikwa. La pili, ambalo ni gumu zaidi, ni vinyago vyenyewe. Ofisi ikichagua kisima na zahanati huku wanakijiji wakitaka kuzungumzia bei ya korosho, mchongaji atakuwa amechonga swali la mtu mwingine. Ndiyo maana nashauri asiguse gogo kabla wakazi hawajakaa wakakubaliana nini kichongwe, na sanduku moja liachwe bila kinyago chochote, kwa ajili ya atakayeona kwamba jambo lake halimo.