Mzee, nyanyuka: mhadhara kwa walimu wastaafu wa Tanga

Wazee wangu, shikamooni. Mlio rika langu na mnaonifuata, habari za asubuhi. Nawashukuru mlionialika, na nawashukuru zaidi mliokuja kwa miguu kutoka Ngamiani. Nimewaona mkiingia mnajipepea kwa ncha za kanga, na jasho hilo ndilo mada yangu.

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia. Kwa miaka 30 kazi yangu imekuwa kuwafundisha watu kutembea upya: aliyepata kiharusi, aliyeanguka na bodaboda, bibi aliyevunjika nyonga usiku akienda msalani. Mwalimu aliyenipigia simu aliniomba nizungumzie kuzeeka vizuri, akataja presha, sukari na vyakula. Hayo nitayagusa. Lakini muda mwingi nataka niutumie kwa jambo ambalo sisi watu wa huku hatulisemi, kwa sababu limevaa nguo ya adabu. Wazee wetu tunawaheshimu kwa kuwakalisha, na kule kuwakalisha kunawamaliza miguu.

Fikirini siku ile mnayoikumbuka wote. Mtumishi wa umma anatimiza miaka 60, anaagwa, anapewa zawadi, anarudi nyumbani. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 nayo inamhesabu mtu wa miaka 60 kuwa mzee, kwa hiyo majina mawili, mstaafu na mzee, yanamshukia siku moja. Wiki hiyohiyo watoto wanaleta sofa, lile ambalo ukiketi unazama. "Baba, umefanya kazi ya kutosha, sasa pumzika." Mjukuu anapokonya ndoo: "Bibi, acha, nitabeba mimi." Mkwe anachukua fagio la chelewa, dada wa kazi anachukua mbuzi ya kukunia nazi. Baiskeli iliyompeleka mwalimu shuleni miaka 25 anapewa kijana wa jirani, na bodaboda inaitwa mlangoni kumpeleka mzee msikitini, mwendo wa mita 300. Kila mmoja katika nyumba hiyo ametenda wema. Miaka mitatu ikipita, mzee anajivuta mara mbili, mara tatu, ndipo anyanyuke kitini, na wote wanasema, "Ndio uzee huo."

Nimewaona wazee wengi mno, siwezi kulikubali hilo. Sehemu ya udhaifu ule ni uzee kweli. Sehemu kubwa ni kukaa.

Msuli una tabia moja: usiotumika, mwili hauugharamii. Tangu ujana kupita tunapungukiwa na msuli kidogo kidogo, na baada ya miaka 60 kasi inaongezeka. Hiyo ni njia ya wote. Lakini kukaa kunafanya kwa siku chache kazi ambayo umri ungeifanya kwa miaka. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwalaza kitandani kwa siku 10 wazee waliokuwa na afya njema, wasio na ugonjwa wowote wa kuwalaza. Siku 10 tu. Miguuni mwao ilipotea karibu kilo moja ya nyama. Hebu ipimeni kilo moja kwa macho, ile mnayofungiwa buchani. Ndiyo maana mzee akilazwa kwa malaria wiki nzima anarudi nyumbani homa imekwisha lakini hawezi kupanda kizingiti.

Sasa niwasimulie la nyumbani kwangu, maana sitaki mdhani nawalaumu watoto wa watu.

Mama yangu alipofika miaka 74, sisi wanawe tulichanga. Tukamjengea choo cha kukaa ndani ya nyumba, tukamwekea maji ya bomba jikoni, tukamtafutia msichana wa kazi. Kigoda chake tukakiweka stoo. Nami ndiye niliyeongoza mchango huo, mtu ninayefundisha wengine kutembea! Mwaka wa pili nikaanza kusikia kuwa mama haendi tena misibani. Akialikwa maulidi, anatoa udhuru. Mara kichwa, mara mvua. Nikadhani ni huzuni, maana dada yake alikuwa amefariki. Siku moja jirani aliniita pembeni, akaniambia: kwenye khitma ya mwisho mama alikaa jamvini na wenzake, na watu walipoondoka alishindwa kunyanyuka. Wanawake watatu walimwinua. Hakuumia popote. Aliona haya, na tangu siku hiyo hakutaka kukaa chini mbele za watu.

Nalikaza neno hili kwa sababu tunazungumza sana juu ya upweke wa wazee kana kwamba ni jambo la moyo peke yake. Mama yangu alikuwa na moyo, alikuwa na shoga zake, alikuwa na mialiko. Alichokosa ni nguvu za mapaja. Kwetu sisi urafiki uko chini: jamvini, mkekani, kwenye baraza fupi la mawe, kwenye kigoda karibu na jiko. Ukishindwa kushuka na kupanda, umetoka katika jamaa taratibu bila mtu yeyote kukufukuza.

Tulianzaje? Kwa kiti cha kawaida cha mbao chenye mito miwili juu yake, ili kiwe kirefu. Anakaa, ananyanyuka bila kujishika, mara tano asubuhi, mara tano jioni. Alipozoea, tukatoa mto mmoja. Wiki kadhaa baadaye tukatoa wa pili. Kisha kigoda kikarudi kutoka stoo. Nazi akaanza kukuna mwenyewe, na dada wa kazi akaambiwa asimpokonye. Ilichukua miezi minne hivi mpaka akakaa jamvini tena, mgongo ameegemeza nguzo, na akanyanyuka kwa kupiga goti moja na kushika nguzo ileile. Alikuwa na miaka 76.

Mtaniuliza, je, kuna umri ambao umechelewa? Mwaka 1990 daktari Maria Fiatarone na wenzake walichapisha utafiti walioufanya Boston, katika nyumba ya kutunzia wazee. Waliwachukua watu 10 walioanzia miaka 86 hadi 96, dhaifu, wengi wao wenye magonjwa, wakawafanyisha mazoezi ya kuinua uzito kwa miguu, mazito kweli, kwa wiki 8. Waliofika mwisho, nguvu za miguu yao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Yaani zaidi ya maradufu, kwa mtu wa miaka 90. Tangu nilipousoma nikiwa chuoni, sijawahi tena kumwambia mgonjwa "kwa umri wako, basi".

Na jambo hili la kukaa halikuanza kujulikana jana. Daktari Jerry Morris wa Uingereza aliwachunguza wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London, akachapisha matokeo mwaka 1953. Dereva anaketi siku nzima. Konda wa basi lilelile anapanda na kushuka ngazi akikata tiketi. Hali zao za maisha hazikupishana sana, lakini madereva waliugua moyo zaidi kuliko makonda. Wahenga wetu walisema heri mtembea bure kuliko mkaa bure. Morris mwenyewe alizaliwa mwaka 1910 na akafariki mwaka 2009.

Sasa tufanye kitu. Sogezeni viti vyenu nyuma viguse ukuta au viguse kiti cha nyuma, visiteleze. Mwenye maumivu ya kifua, aliyefanyiwa upasuaji karibuni, au anayesikia kizunguzungu leo, abaki ameketi na awahesabie wenzake. Wengine kunjeni mikono kifuani. Nikisema anza, simama wima kabisa, kaa, simama, kaa, mpaka nikuambie basi. Ni sekunde 30. Anza!

(Ukumbi unasimama na kukaa.)

Basi. Pumueni. Mwanamke wa miaka 60 hadi 64 akisimama mara 12 yuko sawa na wenzake, mwanamume wa umri huo 14. Miaka 70 hadi 74, mwanamke 10, mwanamume 12. Miaka 80 hadi 84, mwanamke 9, mwanamume 10. Aliyepungua chini ya hapo asitishike, ila ajue kuwa hatari yake ya kuanguka ni kubwa, na dawa yake ndiyo hiyohiyo aliyoifanya sasa hivi. Mama pale mbele, nimekuona ulitumia mikono mara mbili. Anza na mito kama mama yangu.

Shirika la Afya Duniani linashauri dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki. Huo ni mwendo unaokutoa jasho lakini bado unaweza kuzungumza na mwenzako njiani. Kwa wenye miaka 65 na zaidi linaongeza mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara bila kuyumba, siku tatu kwa wiki. Wengi mnaisikia hiyo ya kutembea tu, mnaisahau ya pili. Kutembea ni kuzuri kwa moyo, kwa presha, kwa sukari, kwa usingizi. Ila kutembea peke yake hakukufundishi kunyanyuka kutoka chini.

Na hapa ndipo namsikitikia mtu wa pwani, kwa sababu mazoezi haya tulikuwa nayo nyumbani bila kulipia. Choo cha kuchuchumaa. Mbuzi ya nazi. Kinu na mchi. Fagio fupi la uani. Swala tano za faradhi zina rakaa 17, na kila rakaa ina sijda mbili, kwa hiyo mwenye kuswali anashuka na kugusa ardhi mara 34 kwa siku, sunna hujazihesabu. Asiyeweza kusujudu dini imemruhusu kiti, na asione vibaya kukitumia. Ninayemsema ni yule aliyewekewa kiti msikitini siku goti lilipouma wiki moja, goti likapona, kiti kikabaki. Simwambii mtu abomoe choo chake cha kukaa. Namwambia akitafute kile alichokipoteza: kama umeacha kuchuchumaa chooni, chuchumaa bustanini ukipalilia mchicha.

Chakula nitasema moja tu, maana la chumvi na mafuta mmelisikia kliniki mara nyingi. Wazee hamli protini ya kutosha. Nawaona: asubuhi chai ya rangi na andazi, mchana wali na mchuzi, minofu amewekewa mjukuu, usiku uji. Msuli haujengwi na uji. Wataalamu wa lishe ya wazee wanapendekeza gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito, kwa siku. Mtu wa kilo 60 anahitaji gramu 60 mpaka 72. Yai moja lina gramu 6 hivi, kikombe cha maharage yaliyopikwa kama gramu 15. Dagaa ni hazina, na ukiwala na miba yao unapata na chokaa ya mifupa. Kunde, choroko, mtindi, karanga. Mwenye ugonjwa wa figo aulize kwanza daktari wake. Wengine, kula kipande chako cha samaki. Mjukuu anakua, lakini na wewe mwili wako unajijenga kila siku.

Kuhusu kuanguka. Wengi wanaoletwa kwangu wameanguka usiku, kati ya kitanda na choo. Ukimeza dawa za presha, usitoke kitandani kwa kuruka. Kaa ukingoni, hesabu mpaka 30, chezesha vifundo vya miguu, ndipo usimame. Weka taa au tochi pale mkono unapofika. Ondoa kile kizulia kinachoteleza. Kandambili zilizolika zitupwe, hata kama zina baraka. Na macho: mtoto wa jicho anatolewa, tena upasuaji wake ni mfupi. Msikae gizani mkisema ni umri.

Swali limetoka kwa mzee wa nyuma, ngoja nilirudie wote wasikie. Anasema: "Nikichota maji mwenyewe, majirani watasema watoto wangu wamenitupa." Baba, hilo ni swali zito kuliko yote niliyoyapanga kusema, na najua linauma. Jirani anaona ndoo, haoni goti. Mimi nilichofanya ni kuwaita ndugu zangu na majirani wawili, nikawaeleza mbele ya mama kwamba kazi hizi ni tiba, na amepewa na mtaalamu. Likiitwa tiba, linaheshimika. Waambie watoto wako vivyo hivyo: wasikupokonye ndoo, wakupe ndogo ya lita tano, watembee nawe. Heshima wanayotaka kukuonyesha waiweke kwenye kutembea nawe.

Muda wangu umekwisha, na nawaona vijana mlangoni wanasubiri kuja kukusanya viti. Nimewaomba wabaki hukohuko nje. Viti hivi ni vya plastiki, vyepesi. Kila anayeweza anyanyuke bila kujishika, abebe chake mpaka pale ukutani, akipange juu ya kile cha mwenzake.