Mtoto anakwama kusoma mbele ya wenzie, tufanyeje?

ATU: Haya wapendwa, ndaga kwa kuturudia, Mbeya baridi imekaza hatari. Leo mama mmoja wa Uyole katutumia voisi, mwanae yuko darasa la tatu, ukimtuma sokoni Mwanjelwa chenji inarudi kamili, ila akiambiwa simama usome anaanza kulia, watu wanasema ni mzito.

LUSAJO: Huyo mzito wa nini sasa? Anapiga hesabu ya sokoni afu b na d zinamchanganya, yaweza kua disleksia, yani ubongo unapata tabu kuunganisha herufi na sauti yake, akili anazo kama wenzie. Ila kwanza akapimwe macho na masikio, wengine ubao tu hawauoni na sisi tunawachapa bure.

ATU: Na l na r je? Mtoto aliyekulia Kinyakyusa anasema "kalatasi".

LUSAJO: Aah, hiyo lugha ya nyumbani tu dada, hata babu yangu anasema ivyo ivyo. We angalia hii, leo kasoma "bata" vizuri kesho halijui, na KKK, yani kusoma, kuandika na kuhesabu, wenzie waliimaliza la pili huko, hapo ndo ushtuke.

ATU: Majirani watasema mpeleke tuisheni.

LUSAJO: Tuisheni ipi? Katoka shule kachoka, unampeleka kwenye kundi lingine lenye ubao ule ule, aibu inakua mara mbili.

ATU: Mi nakataa kidogo. Akipata mtu wa kukaa nae peke yake inasaidia.

LUSAJO: Peke yake sawa, dakika 15 zinatosha, muandike silabi kwenye boksi la sabuni mzikate, azishike, azitamke, aunge neno. Ila kubwa zaidi mama aende kwa mwalimu, bila shari, amuombe asimshtukize, leo amwambie kesho utasoma hii mistari mitatu, usiku wanaifanyia mazoezi mpaka inakaa, kesho anasimama anasoma na darasa zima linamsikia. Kujiamini kunaanzia pale, we ukimwambia "unaweza unaweza" na kila siku anashindwa ataona unamdanganya.

ATU: Na sie siku ya kufunga shule swali la kwanza kashika namba ngapi.

LUSAJO: Na shangazi nae anapiga toka Tukuyu kuuliza namba, hahaa!

ATU: Mwakani ana upimaji wa darasa la nne lakini.

LUSAJO: Baraza la Mitihani linawaongezea muda wenye mahitaji maalumu, hisabati dakika 20 kwa kila saa, masomo mengine 10. Ila shule lazima iwe inamjua, kwa iyo aongee na mwalimu mkuu mapema, asingoje Oktoba.

ATU: Na mwalimu wa darasa akigoma?

LUSAJO: Ana watoto wengi yule, tusimlaumu. Basi amuombe muhula huu asimsimamishe kusoma, amuulize maswali kwa mdomo akiwa amekaa.