Nyumba ya John Brown huko North Elba: Historia Inayoanzia kwenye Ardhi

Mabibi na mabwana, nyumba nitakayoizungumzia ni ya mbao, ndogo, isiyo na madoido, nayo imesimama tangu 1855 katika milima ya Adirondack, kaskazini mwa jimbo la New York nchini Marekani. Wengi hufika kuzuru kaburi la John Brown, mpinga utumwa aliyenyongwa Virginia tarehe 2 Desemba 1859 baada ya kuvamia ghala la silaha la serikali huko Harpers Ferry. Mimi nashikilia kwamba historia yake sharti ianzie kwenye ardhi na haki ya kupiga kura.

Katiba ya New York ya 1821 ilimtaka mwanamume Mweusi amiliki ardhi au nyumba yenye thamani ya dola 250 ndipo apige kura, ilhali Mzungu aliondolewa sharti la mali. Ili kuwawezesha kulitimiza, tajiri Gerrit Smith alianza mwaka 1846 kuwagawia Weusi wapatao 3,000 ekari 120,000, kila mmoja ekari 40. Msitu ulikuwa mnene, baridi kali, msimu wa kilimo mfupi, na wengi wa waliopewa hawakuwa na fedha za zana wala mifugo. Kwa hiyo waliohamia walikuwa wachache. Makazi yao mojawapo yaliitwa Timbuctoo.

Brown alihamia huko 1849 ili aishi jirani nao, na kwa kuwa alijua kupima ardhi, aliwasaidia kutambua mipaka ya mashamba yao. Nyumba yenyewe ilijengwa na mume wa bintiye, Henry Thompson. Brown hakuikalia sana, maana harakati zilimpeleka Kansas na kwingineko. Aliyelishika shamba ni mkewe, Mary, na kwa haki nyumba hii ingeitwa yake pia. Wanawe Watson na Oliver waliuawa Harpers Ferry. Brown alipozikwa shambani hapo North Elba tarehe 8 Desemba, familia ya Lyman Epps, mmoja wa walowezi Weusi, ndiyo iliyoimba.

Baadaye Mary alihamia California. Mwaka 1870 mwandishi Kate Field aliongoza mchango wa kulinunua shamba, na 1896 likakabidhiwa kwa jimbo. Leo ghala la shamba lina maonyesho kuhusu walowezi wa Timbuctoo, nami naona hapo ndipo mgeni angepaswa kuanzia, kabla ya kwenda kaburini.