Utando wa seli kwa sabuni na uzi: protini zinavyokaa na kutembea

Assalaam aleikum jamani. Mie nafundisha tuisheni hapa Wete, na kila mwaka wanafunzi wananichorea protini zimegongomewa kwenye utando wa seli, ile ngozi nyembamba inayoizunguka seli, kama misumari kwenye ubao, roho inaniuma kwa sababu zile zinatembea! Leo mtaziona.

Maji vikombe vinne, sabuni ya maji ya vyombo nusu kikombe, glisarini vijiko viwili vya chai, koroga polepole lisije povu. Mie natumia maji ya mvua, ya kisima chetu yana chokaa, sabuni haikubali. Pitisha uzi ndani ya mirija miwili ya kunywea soda, funga, fremu tayari.

Chovya, nyanyua taratibu... rangi zile mnaziona? Tabaka mbili za sabuni, maji katikati. Chembe za sabuni na za mafuta ya utando wa seli zina kichwa kinachopenda maji na mkia unaoyakimbia. Kwenye seli ni kinyume, mikia ya mafuta ndiyo imejificha katikati na vichwa vinavyopenda maji viko nje, unene nanomita 5 hivi basi, na nanomita moja ni milimita ukiigawa mara milioni.

Sasa hapa nisikilizeni. Kitanzi hiki cha uzi ndio protini yetu, KIROWESHE KWANZA. Na vidole rowesha, mpaka kifundoni. Mwaka jana nilirowesha uzi nikasahau vidole, mbele ya darasa zima utando ukapasuka mara sita na kipindi kikaisha hivyo hivyo.

Aa, umekwenda! Feni hiyo, hebu izimeni. Haya tena, chovya, rowesha, rowesha vidole nimesema, kiweke.

Fremu ilaze, ukiisimamisha kitanzi kinateremka kwa uzito wake, na hilo ni la uzi si la seli. Inamisha kidogo tu... kinateleza na utando haupasuki, yaani nikikiona hivi nafurahi kila siku. Mwaka 1970 wanasayansi Frye na Edidin waliunganisha seli ya mtu na ya panya, protini za kila upande na rangi yake, kwenye joto la nyuzi 37 baada ya dakika 40 hivi zishachanganyika. Kwenye baridi zikabaki kila moja kwao, maana utando unakuwa mzito, si mnajua mafuta ya nazi yanavyoganda chupani asubuhi za kipupwe?

Sasa kitanzi cha pili kifunge kwa uzi mfupi kwenye mrija. Inamisha. Kile kinakwenda, hiki kimekaa. Na kwenye seli ziko protini zilizofungwa na nyuzi za ndani, na ziko zilizowekewa uzio: seli za utumbo, protini inayopokea sukari ya chai yako inakaa upande wa chakula, kwa nyuma haipiti, ikipita sukari itaingiaje?

Mwisho, chukua kijiti KIKAVU, hapa sasa kikavu ndio kinatakiwa, gusa ndani ya kitanzi... pa! Duara kamili, huo mlango, kama protini zinazopitisha vitu kwenye utando wa seli. Pitisha kalamu katikati, itoe, ipitishe tena. Utando mzima.