Saa ya kumaliza hupangwa mlangoni

Ndugu zangu, naanza na lile ninalolirudia kila jukwaa, kwa sababu bado halifuatwi: muda wa ombi la mteja kwa seva hupangwa mara moja tu, pale linapoingia. Wote wanaolipokea baadaye wanahesabu kilichobaki. Hakuna anayejipangia wake.

Chukueni huduma ya malipo. Simu ya mteja inasubiri sekunde 10. Seva ya mbele imepewa sekunde 10 za kuita huduma ya akaunti, na huduma ya akaunti imepewa 10 za kuuliza hifadhidata. Kwenye karatasi yote yamekaa sawa. Sasa seva ya mbele itumie sekunde 4 kuhakiki mtumiaji kabla ya kuita akaunti. Huduma ya akaunti itahangaika mpaka sekunde ya 14, ilhali mteja kaondoka tangu ya 10. Ongezeni na kurudia: tabaka zote tatu zikijaribu mara 3 kila moja, ombi moja linaigonga hifadhidata mara 27. Tena linaigonga wakati ilichelewa kwa sababu imelemewa!

Kwa hiyo mlangoni andikeni saa ya kumaliza, si urefu wa kusubiri. Katika Go, lugha ya programu, kifurushi cha context, kinachobeba muda na amri ya kusitisha, kimo kwenye maktaba sanifu tangu toleo la 1.7, mwaka 2016. Unaandika context.WithTimeout(r.Context(), 10*time.Second), na mstari unaofuata defer cancel(), yaani kazi ikiisha, iachilie. Ukiomba sekunde 30 chini ya context mzazi iliyobakiwa na 2, unapata 2. Hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Mtu ataniambia saa za mashine mbili hazilingani. Kweli, na ndiyo sababu ukivuka mtandao unatuma muda uliobaki, na anayepokea anaupima kwa saa yake. gRPC, mfumo wa huduma kuitana mtandaoni, hufanya hivyo kwa kichwa (maelezo yanayotangulia ombi) cha grpc-timeout. Kwa HTTP ya kawaida, kichwa hicho mtakitunga wenyewe.

Mwingine atasema, "Mimi taimauti nimeshaweka," yaani kikomo cha kusubiri. Umeweka ipi? Katika requests, maktaba ya Python ya kutuma maombi ya HTTP, timeout=5 haipimi ombi zima. Inapima muda wa kuunganisha, kisha ukimya kati ya data na data. Seva ikikudondoshea baiti moja kila sekunde 4, utakaa hapo saa nzima bila kosa lolote kutokea. Usipoiandika kabisa, unasubiri bila kikomo. http.Client ya Go, nayo ya kutuma maombi, ni vilevile: Timeout ikiwa sifuri, hakuna kikomo. Inaniudhi kuona msimbo wa namna hiyo ukipitishwa kila siku kana kwamba ni sawa.

La pili. Kusitisha kazi ni kuiomba tu isimame, na msimbo usiosikiliza hausimami. Kitanzi kinachopiga hesabu tupu hakijui kuwa ctx, yaani ile context, imesitishwa; kikague ctx.Err() kila baada ya mizunguko 1,000 hivi. Na angalieni uvujaji huu: gorutini (kazi inayokwenda sambamba na nyingine katika Go) inafanya kazi, inataka kutuma jibu kwenye chaneli (njia ya kupitishia data kati ya gorutini) isiyo na nafasi, lakini mpokeaji alishaondoka ctx.Done(), chaneli ya ishara ya kusitisha, ilipofungwa. Gorutini hiyo itasimama pale milele pamoja na kila kumbukumbu inayoishikilia. Andikeni make(chan Jibu, 1): jibu litaingia kwenye nafasi hiyo moja, gorutini itamaliza na kuondoka.

Kwa Python nitapita haraka: tangu toleo la 3.8, CancelledError, kosa linalotokea kazi ikisitishwa, haikamatwi na except Exception, lakini except: tupu bado inaimeza. Safisha, kisha raise, yaani lirushe tena kosa hilo.

Kwenye hifadhidata ya PostgreSQL: statement_timeout, kikomo cha muda wa swali moja, kwa kawaida ni 0, yaani imezimwa. Mteja akikatika, swali zito linaweza kuendelea bila mwenyewe. Iwekeni.

Na kwenye malipo, taimauti haisemi kwamba pesa hazikutoka. Inasema hujui. Kila muamala upewe namba yake ya kipekee, ileile kwa kila jaribio, na uliza hali ya muamala kabla ya kutuma tena. Hapa watu hukatwa pesa mara mbili, na anayeumia ni mwenye pesa.

Kuhusu kuzima seva, saa imenibana. Kubernetes, mfumo wa kuendesha programu kwenye seva nyingi, hutuma SIGTERM, ishara ya kuiomba programu ijifunge, husubiri sekunde 30 kama hamkubadilisha, kisha huua kwa SIGKILL, ishara isiyokataliwa. Maombi yaliyomo ndani yapewe kama 25.