Majike Wanarudia Joto, Dume Yupo Zizini: Mhadhara kwa Wafugaji wa Ng'ombe

Ndugu wafugaji, maafisa mifugo, na nyinyi vijana mnaosomea kazi hii, karibuni.

Leo naomba tumzungumzie ng'ombe anayepandwa akarudia joto, yaani hamu ya kupandwa, akapandwa tena na akarudia tena. Vijijini ng'ombe huyo huitwa tasa, na hachelewi kupelekwa mnadani. Dume hubaki. Dume amenona, anakula vizuri, anapanda bila kusita, nani amshuku? Mimi nasema hivi: zizi likiwa na majike wengi wanaorudia, wa kwanza kuchunguzwa ni dume.

Bakteria ninayemlenga ni kampilobakta. Walimu wetu walimwita vibrio, na wapo madaktari wanaomwita hivyo mpaka leo. McFadyean na Stockman wa Uingereza walimkuta kwa kondoo waliotupa mimba, na ripoti yao ikatoka mwaka 1913. Ana jamaa wengi. Kuna anayeishi kwenye via vya uzazi vya ng'ombe tu, na kuna wanaoishi utumboni mwa mifugo na kuku. Nianze na huyo wa uzazi, maana ndiye anayewatia hasara kimyakimya.

Huyu hukaa ndani ya govi la dume, kwenye vikunjo vidogo vya ngozi. Hamuumizi dume, hampi homa, na hata mbegu zake hubaki nzuri. Kadiri dume anavyozeeka, vikunjo vile huongezeka kina, kwa hiyo dume aliyepita miaka minne akiambukizwa anaweza kumbeba bakteria huyu maisha yake yote. Kila anapopanda, anamwacha kwa jike. Kwa jike bakteria hupanda hadi kwenye mji wa mimba na kuleta uvimbe. Mimba hutungwa, lakini kiinitete hufa kikiwa kichanga mno, na mfugaji haoni chochote kikidondoka.

Hapa ndipo daftari lina kazi. Tuseme mtamba wako, jike kijana ambaye hajazaa, amepandwa tarehe 3 Machi. Kama hakushika, joto lingine litegemee siku 21 baadaye, yaani karibu na tarehe 24 Machi. Tarehe hiyo ikapita kimya, ukafurahi kwamba ameshika. Kisha tarehe 9 Aprili anaanza kulia na kupanda wenzake. Hizo ni siku 37. Huenda joto la Machi lilikupita bila kuliona, hilo hutokea. Lakini mitamba mitatu minne ikirudia kwa siku zisizoeleweka namna hiyo, na yote imepandwa na dume mmoja, inaelekea mimba zilitungwa na zikafa. Wachache hutupa mimba kubwa zaidi, ya miezi minne hadi sita, na hao ndio mfugaji huwaona.

Majike wengi hujijengea kinga na kushika mimba baada ya miezi kadhaa. Ndiyo maana huyo aliyeuzwa kwa utasa angeweza kuzaa. Inaniuma sana kuona mama anauza mtamba wake wa pekee kwa bei ya nyama wakati dume la kikundi, wanalotumia wafugaji wengi, linaendelea kuzunguka nyumba kwa nyumba.

Kumpima dume si kazi ya kukisia. Apumzishwe kupanda kwa wiki moja au mbili. Daktari huingiza maji ya chumvi safi ndani ya govi, hulifumba mdomo kwa mkono na kulisugua kwa nje dakika chache, kisha huyakinga maji yale yakiwa yamechafuka. Bakteria huyu hapendi hewa nyingi, hivyo sampuli ikikaa hovyo kwenye chupa ya kawaida hufa njiani, na majibu yatasema dume ni mzima. Sampuli iwekwe kwenye kimiminika maalumu, ifike maabara haraka, na kipimo kirudiwe kabla ya kumsafisha dume jina. Kwa Tanzania, ulizeni Wakala wa Maabara ya Veterinari kabla hamjachukua sampuli. Pia wapime trikomona, kimelea kinacholeta dalili zilezile.

Dawa zipo, lakini kwa dume mzee hazina uhakika. Australia huchanja madume. Kwetu njia ninayoiamini ni uhimilishaji, yaani kupandikiza mbegu kwa mrija bila dume, kwa kuwa mbegu za vituo rasmi, kama kile cha Usa River, Arusha, hutoka kwa madume wanaochunguzwa, na huchanganywa na dawa za kuua bakteria. Asiyeweza kupata mhimilishaji achukue dume kijana ambaye hajawahi kupanda, na asimwazimishe.

Sasa wale wa utumbo. Hao huingia kwa malisho na maji yaliyochafuliwa na kinyesi. Kondoo mwenye mimba akiwameza, huweza kupita utumbo, kuingia kwenye damu na kulishambulia kondo, naye akatupa mimba katika wiki za mwisho. Kuku huwabeba bila kuumwa, lakini mtoto wa nyumbani akila kuku asiyeiva au akinywa maziwa mabichi, hupata homa, tumbo la kukata na kuhara, pengine damu. Mara chache ugonjwa ukiisha hufuatiwa na kupooza. Chemsheni maziwa. Na mimba iliyotupwa msiishike kwa mikono mitupu wala msiwape mbwa, maana kwa macho huwezi kuitofautisha na ya brusela, ugonjwa mwingine wa kutupa mimba unaoambukiza watu. Chukueni sampuli ya kondo, kilichobaki kifukiwe chini kabisa.

Nimeulizwa hapa mbele kama nyama ya dume mwenye vibrio inalika. Inalika, ikikaguliwa machinjioni na kupikwa ikaiva. Ila kama alidungwa dawa, hesabu siku za kusubiri dawa iishe mwilini, zilizoandikwa kwenye chupa ndipo umpeleke.